Za Kutazama Mwezi Huu, na Ile ya Stesheni

Wambui mami,

Sikuulizi hali. Tunaishi nyumba moja, kitanda chako na changu vimetenganishwa na ukuta wa mbao, na wiki hizi tatu ukinijibu salamu unajibu ukiangalia sufuria. Kwa hiyo tuache hujambo sijambo. Naandika kwa sababu kesho asubuhi unapanda gari la Kisumu kwenda kuanza chuo, na kwa sababu tangu kichwa chako kilipoanza kuonekana juu ya kaunta hii umekuwa ukiniuliza swali moja kila mwanzo wa mwezi: "Baba, mwezi huu tuone nini?" Mwezi huu hukuuliza. Nakujibu hivyo hivyo.

Uko Bahati kwa Cucu, umeenda kumuaga nyanya yako, na ulisema utarudi kabla ya giza. Begi lako la zambarau liko hapa mlangoni mwa duka, limefungwa kamba kwa sababu zipu ilikufa zamani. Nimekaa nyuma ya kaunta. Spika ya nje inapiga kelele zake za kuita wateja, na kila gari likipunguza mwendo hapo barabarani nainua kichwa. Nikikuona nitaikunja karatasi hii niitie mfukoni, halafu nitajifanya namwekea mtu filamu kwenye flash.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Najua Cucu amekwambia ya kutosha kuhusu vijana, mbu na kanisa, na kuhusu kuishi na mama yako ambaye hujakaa naye chini ya paa moja tangu ukiwa mtoto wa chekechea. Mimi ninachojua ni filamu. Nitakwambia za mwezi huu, na katikati yake kuna jambo ambalo lazima niliseme kabla hujaondoka. Unalijua ni lipi. Uliniuliza, nikatoka nje nikaenda kufunga duka ambalo lilikuwa tayari limefungwa.

Anza na ule mfululizo wa ndugu wawili wanaoendesha lori moja kwenye nchi ya theluji. Jina silikumbuki, unajua mimi na majina. Hakuna mteja aliyewahi kuingia hapa akataja jina la filamu. Wanasema nipe ile ya jamaa wa jicho moja, na mimi nampa. Wewe ndiye ulikuwa unanitafutia majina kwenye simu, ukinicheka. Utaipata, ina picha ya lori jekundu. Sehemu ya kwanza inachosha na naomba usiiache, maana una ugonjwa wa wateja wangu wote, dakika kumi zikipita bila mtu kupigwa ngumi mnahama. Kuna mahali yule ndugu mkubwa anafika juu ya mteremko mrefu, anasimamisha lori, anashuka, anapita kila gurudumu akilisogezea kiganja kuona kama breki zimepata joto. Hasemi neno. Nilipofika hapo nilinusa Salgaa, mami, pale malori yanapolala. Nilinusa breki zilizochoka, dizeli na mahindi ya kuchoma, nikajikuta nimesimama katikati ya nyumba na sahani mkononi.

Unajua hapo zamani ningefanya nini? Ningemjazia maneno. Ningeshika maiki niseme, "Cheki buda anaongelesha tairi, bibi amemtoroka." Ukumbi ungevunjika mbavu, na hakuna ambaye angejua kwamba yule mtu alikuwa anaogopa.

Haya ya Salgaa unayajua juu juu. Wacha niyaseme vizuri, kwa sababu ukiwaambia wenzako wa chuo kwamba baba yako alikuwa DJ wa movie watafikiri alikuwa anapiga nyimbo kwenye harusi. Ukumbi wetu ulikuwa wa mabati, nyuma ya lodging ya madereva, viti vya mbao na televisheni moja kubwa juu ya meza. Filamu zilikuwa za Kihindi na za Kichina. Madereva hawakuelewa kinachosemwa, na yale maandishi ya chini yalikuwa madogo na ya Kiingereza cha haraka. Mimi nilikaa kando na maiki, nikapunguza sauti ya filamu, nikawaeleza. Kila aliyekuwa kwenye skrini alisema kwa mdomo wangu: muuaji, padri, bibi harusi, hata mbwa. Waliniita Sauti ya Salgaa. Kuna madereva waliokuwa wanalala pale badala ya kusonga mpaka Eldoret kwa sababu wamesikia Sauti yupo. Na Kihindi sikujua. Kichina sikujua. Kiingereza nilikuwa nashika nusu. Nilikuwa natia chumvi mpaka chakula chenyewe hakionekani, na watu wakaramba vidole.

Nilikuwa hodari, usinielewe vibaya. Sitajishusha hapa ili unihurumie. Hata leo mzee mmoja wa mizigo akinikuta sokoni huniomba nimfanyie sauti ya yule mchawi wa nyusi nyeupe, na mimi humfanyia.

Ya pili, itazame ile yetu ya hapa Kenya, ya wasichana wa saluni wanaogombania kiti cha dirishani. Nilikataa kuiweka dukani kwa muda mrefu na sababu yenyewe ni wivu. Wanaongea kama watu wa hapa Kaptembwo, kila mtu anaelewa, hakuna mahali pa mimi kuingilia. Siku nilipoitazama nilikaa pale nimenyamaza kama mgeni kwenye matanga ya watu asiowajua. Halafu nikaanza kucheka. Ni nzuri. Yule mwenye saluni anafanana na Auntie Shiru mpaka anavyokaza mdomo akidanganywa.

Halafu kuna ile ya Kikorea ya mama anayepika supu. Ni ndefu na katikati wamezungusha maneno bure, unaweza kuruka. Lakini kuna jioni moja mume amekaa anakula, na mke amekaa anamtazama anavyokula. Hakuna anayesema kitu. Ilichukua muda mpaka nikainuka nikaenda kupiga router kofi, nikidhani mtandao umekwama. Haukuwa umekwama. Mke alikuwa anangoja aulizwe. Nimeirudia hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukubali mbele ya watu. Kama kuna kitu nakuomba uchukue kwenye filamu zote za mwezi huu, chukua hicho. Ukiona mtu amenyamaza mbele ya sahani yake, mwulize mara moja tu, kisha ngoja. Mimi nilikuwa nauliza na kujijibu mwenyewe kwa pumzi moja. Mama yako alikuwa akifungua mdomo, mimi tayari nimeshamwambia anachotaka kusema, tena kwa sauti yake. Nilikuwa naiga sauti yake vizuri. Mwanzoni alikuwa anacheka.

Ujumbe wako umeingia sasa hivi. Umeandika, "Nalala kwa Cucu. Auntie Shiru atakuja kuchukua bag kesho asubuhi tukienda stage ya magari."

Nimeusoma, nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Hata Baba hukuandika. Nimepiga kaunta kofi mpaka kikombe kikaruka, na mteja aliyekuwa anachagua katuni za watoto wake akaniuliza, "Mzee, uko sawa?" Nimemwambia aendelee kuchagua. Nimemjibu vibaya na hakunikosea chochote. Ameweka flash yake mfukoni akaenda.

Nina hasira, sitakuficha. Nimekulea. Nimekusuka nywele mimi mwenyewe na vidole hivi, vibaya, watu wakikucheka, mpaka nikajifunza. Na sasa unataka kuondoka Nakuru kupitia kwa shangazi, begi litolewe hapa kama mzigo wa mtu aliyehama bila kuaga. Nimeandika majibu matatu kwenye simu nikayafuta. Yote yalikuwa mazuri, yangekufanya ulie. Ndiyo sababu nimeyafuta.

Basi barua hii haiendi mfukoni tena. Itaingia kwenye begi, chini ya hizo kamba, na haitakuwa na mimi pembeni wa kuifafanua.

Ya nne ilikuwa iwe ile ya kutisha, ya nyumba yenye ngazi. Nilikuwa nimekuandalia mzaha kuhusu wewe na giza. Sina moyo wa mzaha sasa. Itazame mchana, basi.

Tuje kwenye ile ya stesheni.

Wewe ulikuwa unaiita ya mbuzi. Mwanamke wa Kihindi anayeuza maua, ana binti mdogo na mbuzi wa kamba. Anafika stesheni alfajiri, anapiga magoti mbele ya mtoto, anamshika mashavu, anasema maneno, halafu anapanda treni. Mtoto anabaki na baba na mbuzi. Niliifanya Salgaa mpaka santuri ikachubuka. Pale anapopiga magoti nilikuwa namsemea hivi: "Nimechoka na baba yako na kelele zake, na wewe umefanana naye. Bakini na mbuzi wenu." Walikuwa wanacheka mpaka wanakohoa. Tulipohamia hapa mjini, wewe na mimi, ulikuwa unaniomba nikuwekee ya mbuzi karibu kila Jumapili, na mimi nilikuwa nakusimulia maneno yale yale. Kwako nilikuwa nayasema bila kuchekesha. Ulikuwa unalikumbatia shuka lako na kusema, "Mama mbaya." Sikusahihisha.

Wiki tatu zilizopita uliikuta kwenye mtandao. Uliruka kwa furaha, ukapika chai, ukanifungia duka mapema kwa mikono yako, ukanikalisha. Picha ilikuwa safi, maandishi makubwa. Mwanamke akapiga magoti. Ukaanza kusoma kwa sauti, kisha sauti ikaisha ukasoma kimya kimya. Hata mimi nilikuwa nayasoma kwa mara ya kwanza. Anamwambia mtoto, "Nitarudi kabla mbuzi huyu hajazaa. Ukimwona amenenepa, ujue niko njiani."

Ulisimamisha picha hapo, mdomo wa yule mwanamke ukiwa wazi.

"Baba, huyo mama hakusema hivyo."

Nilicheka. Nilisema kutia chumvi ndiyo kazi, watu walikuwa wanalipia chumvi. Hukucheka. Uligeuka ukaniangalia na ukaniuliza lile swali.

"Na mama yangu? Siku ile anaenda, alisema nini?"

Nikakujibu nilivyokujibu tangu utotoni, kwamba alisema amechoka na sisi.

"Hiyo ni yake ama ni yako?"

Ndipo nilipotoka nje kwenda kufunga duka. Tangu hapo umekuwa unaangalia sufuria. Na juzi, unisamehe kwa hili, nilifungua kile kisanduku chenye jina lako kwenye akaunti yetu ya filamu nikaona umerudi kwa ile ya stesheni peke yako, ukaisimamisha pale pale. Hujafika mwisho. Mimi nimefika.

Sasa jibu. Nimelikwepa kwa kurasa zote hizi na Auntie Shiru atakuja kuchukua begi, kwa hiyo nakaza moyo.

Ilikuwa mchana, Salgaa, mvua inapiga mabati. Ukumbi ulikuwa umejaa kwa sababu barabara ilikuwa inateleza na madereva hawakutaka kuteremka. Ilikuwa filamu ya Kichina ya ngumi na mimi nilikuwa nimewaka. Wewe ulikuwa umekaa juu ya kreti kando ya spika, mahali pako pa siku zote. Mama yako alikuwa anashonea lodging za pale mapazia, na kwa miezi mingi alikuwa ananiambia jambo fulani nyumbani, na mimi kama kawaida nilikuwa nammalizia sentensi. Siku hiyo alikuja mpaka mlangoni mwa ukumbi. Hakuwa amewahi kuja nikiwa kazini. Alikuwa na begi. Alisimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake, akaanza kuniambia kitu.

Maiki ile ilikuwa na swichi pembeni. Ilikuwa ni kuisukuma kwa kidole gumba tu, izime.

Madereva waligeuka kumtazama. Niliona wamegeuka, nikaona nimepokonywa ukumbi, na nikafanya nilichozoea kufanya mtu akifungua mdomo mbele yangu. Nikamsemea. Nilisema, "Wazee, pause kidogo. Huyu mathe anasema amechoka na starring wa hii movie. Anaenda kutafuta movie ingine. Tumpungie mkono."

Walicheka, mami. Mabati yalitetemeka. Na wakampungia. Wanaume wazima, ukumbi mzima, mikono juu. Na wewe, juu ya kreti yako, ukaona watu wanapunga na kufurahi, ukapunga pia. Kwa mikono yote miwili.

Mdomo wake ulikuwa bado unasema. Ulisema kwa muda, kisha ukaacha. Alikuangalia wewe, akaangalia mikono yako. Halafu akatoka kwenye mvua. Kuna dereva akasema, "Sauti, endelea, usitukatie stimu." Nikaendelea. Nilimaliza filamu yote. Nilidhani nikitoka nitamkuta kwa jirani amenuna, nimchekeshe, yaishe.

Hilo ndilo jibu lako. Mama yako alisema kitu, tena kirefu, na mimi sikusikia hata neno moja. Niliuona mdomo tu. Kulikuwa na mvua na kicheko na sauti yangu mwenyewe kwenye spika. Yale ya "amechoka na sisi" ni yangu. Niliyatunga pale pale kwa ajili ya madereva, na uliponiuliza jioni ile mama alisema nini, sikuwa na mengine ya kukupa, nikakupa hayo. Nikayarudia miaka yote mpaka nikayaamini. Alipokuwa akipiga simu kutoka Kisumu kukuulizia, nilikuwa namwambia, "Anasema amelala," nawe umekaa hapo unakula uji. Nilikuwa nawasemea nyote wawili. Isingekuwa Cucu kukupa namba ya mama yako kisirisiri, ningekuwa nawasemea mpaka leo.

Nimejaribu kuujaza ule mdomo maneno. Unajua hiyo ndiyo kazi yangu. Nimemfanya aseme atarudi. Nimemfanya aniombe twende wote Kisumu kwa dada yake. Nimemfanya aseme, "Nipe mtoto." Nimemfanya anitukane, na hapo sikuhitaji chumvi. Lakini kila ninavyomsemesha, ni mimi nasikika. Niliwahi kumpigia simu kumwuliza. Alipopokea tu, nilianza kueleza. Nilieleza, nikaeleza, na nilipotulia kupumua alikuwa amekata.

Hilo la mikono yako ningeweza kulificha, na nilitaka kulificha. Nimekuandikia kwa sababu huenda mama yako akalitaja, ama asilitaje lakini ulione usoni mwake siku moja ukimpungia mkono langoni. Usishtuke. Ulikuwa mtoto, watu wazima walikuwa wanapunga. Usilibebe hilo mpaka Kisumu. Ni langu, liache hapa Nakuru.

Naogopa, Wambui. Wacha niliandike bila kulipamba. Naogopa kwamba atakwambia alichosema siku ile na utaona kwamba ulinyang'anywa kitu kizuri na mtu mwenye maiki. Naogopa utakaa huko na hutarudi kuniuliza tuone nini. Naogopa duka likiwa kimya. Siku hizi watu wana filamu zote kwenye simu zao, hawahitaji Sauti, na nilikuwa nimejiambia kwamba walau kuna mtu mmoja nyumbani anayenisikiliza.

Sasa sikiliza ninavyopendekeza hii ya mwisho. Ile ya stesheni, itazame na mama yako. Sio siku ya kwanza, peaneni muda mzoeane. Tafuta siku ambayo hana nguo za watu za kumaliza. Ikifika pale anapopiga magoti, usisimamishe. Iache iende mpaka mwisho. Mwisho sikwambii. Angalia vile nimekua, ninajua mwisho wa filamu na sikwambii.

Halafu mwulize alisema nini mlangoni. Akianza kujibu, usimsaidie neno. Una tabia ya kummalizia mtu sentensi, nimekuona ukiwafanyia wateja, na hiyo hukuitoa kwa mama yako. Akisita, usiogope kimya chake. Akilia, usimwambie analilia nini. Mngoje. Labda itachukua jioni nzima. Labda atasema amesahau, na pia hilo litakuwa neno lake.

Ukitaka utanipigia uniambie. Usipotaka, sitakudai. Kile kisanduku chenye jina lako sitakifungua tena, na sitakifuta.

Giza linaingia na mvua imeanza kushuka kutoka upande wa Menengai. Nimeinuka nikaenda kuzima spika ya nje. Sikumbuki mara ya mwisho kuizima nikiwa ndani ya duka. Mama wa mboga hapo ng'ambo ameniuliza kama nimefunga, nikamwambia hapana, nimezima kelele tu. Ameniangalia vile mtu anamwangalia mgonjwa. Sasa nasikia vitu ambavyo sikujua vinasikika hapa: friji ya soda, mfereji wa jirani, mabati yakianza kupokea mvua.

Nimelegeza kamba za begi lako ili nipate pa kuingiza karatasi hizi. Juu kabisa nimekuta lile shuka la utotoni, lile ulilokuwa unalikumbatia ukisema ni mbuzi. Sikujua kama bado unalo. Nilitaka kuandika kitu hapa kuhusu shuka hilo, sentensi nzuri, ninayo tayari kichwani. Nimeiacha.

Kuna mtu anavuta mlango.

Ni wewe. Umelowa mpaka nywele. Umesimama kando ya begi, umeona kamba zimelegea na umeona kalamu mkononi mwangu, na unaanza kusema kitu. Mimi kwa mazoea tayari nilikuwa nimefungua mdomo.

Nimeufunga. Naweka kalamu chini nikusikie.